Mafundi, acheni kupiga Windows upya (kuiistoli upya) kila mkiona antivirasi feki

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitapunguza ukali. Mtu anapeleka laptop kwa fundi kwa sababu pembeni chini kinatokea kiboksi chekundu: "Virusi 5 vimepatikana, lipia sasa." Fundi haulizi kitu, hafungui hata mipangilio ya brauza. Anachomeka flashi, anapiga Windows upya, picha na kazi za mteja zinapotea, na hela inalipwa. Kumbe mara nyingi tatizo ni ruhusa moja ya brauza, kazi ya dakika 2. Na kama chanzo kilikuwa ekstensheni (programu ndogo ya nyongeza) ya Chrome, mteja akiingia tu kwenye akaunti yake na kuwasha usawazishaji, inarudi yenyewe kwenye hiyo Windows mpya. Mmemlipisha bure!

Someni kwanza kiboksi chenyewe. Arifa ya brauza huandika jina la brauza na anwani ya tovuti iliyoituma. Onyo la kweli la Windows hutoka Windows Security, programu yake ya ulinzi, na ukilibofya linafungua programu hiyo hiyo, halikupeleki kwenye ukurasa wa malipo. Arifa hizi huanzia kwenye tovuti za mpira na muvi za bure, pale panapoandikwa "Bofya Allow kuthibitisha wewe si roboti." Aliyebofya ametoa kibali cha kutumiwa uongo kila siku. Watu huamini mashine imeathirika kwa sababu kiboksi kinakuja hata Chrome ikiwa imefungwa, lakini Chrome inaweza kuendelea kufanya kazi chinichini bila dirisha hata moja. Andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani, tafuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, bofya nukta 3 mbele ya kila usiyoijua, chagua Block. Kisha pitia chrome://extensions na ufute usizozitambua. Nembo ya kampuni kubwa isikutishe. Nembo inanakiliwa na mtu yeyote.

Ukurasa unaojaza skrini kwa king'ora na namba ya simu ni uongo mtupu. Microsoft imeshasema maonyo yake hayaweki namba ya simu. Shikilia Esc mpaka skrini ipungue, au bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, chagua brauza, End task. Ukiifungua tena, usikubali irudishe kurasa za mwanzo. Aliyekwisha kupiga simu na kumruhusu mtu aendeshe kompyuta kwa mbali, huyo ana hali tofauti: akate intaneti sasa hivi, abadilishe nywila akitumia kifaa kingine, apigie benki yake wafunge kadi.

Antivirasi feki iliyoistoliwa kweli ndani ya mashine ndiyo inayohitaji ufundi. Biashara hii si ya jana. Mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki waliouza WinFixer na XP Antivirus, na mwaka 2012 mahakama ikatoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 163. Mbinu ni zile zile: inajifanya inaskani, inazuia Task Manager, inakataza programu nyingine zisifunguke.

Utaratibu ni huu. Hakikisha ufunguo wa BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa siri) upo, maana mashine inaweza kuudai njiani. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 5 upate Safe Mode yenye mtandao, yaani Windows inayowaka na vitu vya msingi tu. Endesha RKill iue michakato mibaya, na USIWASHE mashine upya baada yake, kwa sababu RKill haifuti kitu. Ukiwasha upya, takataka zinaamka tena. Papo hapo skani kwa Malwarebytes, kisha AdwCleaner. Fungua Task Manager upande wa Startup: jina lisiloeleweka linalotokea kwenye folda za AppData au ProgramData lichunguze, faili lake lipeleke VirusTotal (tovuti inayokagua faili kwa antivirasi nyingi) kabla ya kulifuta. Baada ya hapo rudi Windows ya kawaida, umalizie na skani ya Microsoft Defender Offline, kama dakika 15.

Hapa ndipo wengi wanaharibu: antivirasi feki imetoka lakini intaneti haifunguki, fundi anasema kadi ya mtandao imekufa. Angalia proksi! Proksi ni kipitishio cha intaneti, na nyingi huacha proksi ya 127.0.0.1 (kompyuta yenyewe), yaani brauza inatafuta programu ambayo umeshaifuta. Settings, Network & internet, Proxy, zima. Angalia pia faili la hosts (linaloweza kuelekeza tovuti kwingine) lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc, kama limejazwa anwani za tovuti za antivirasi za kweli.

Na nyie mnaomwekea mteja antivirasi ya kraki yenye maelekezo ya "zima Defender kwanza", mnamfungulia mlango mwizi halafu mnamtoza ada ya ulinzi. Ni aibu.

Kupiga Windows upya kuna mahali pake: virusi vinavyojibandika kwenye kila faili la exe kama Sality, rootkit (virusi vinavyojificha ndani kabisa ya mfumo), au mashine iliyoendeshwa na tapeli kwa mbali. Hata hapo, nakili kwanza mafaili ya mteja.

Wenye kiboksi hicho sasa hivi, wekeni picha ya skrini hapa chini, anwani ya tovuti ionekane.