Lenzi za zumu za pembe pana: ipi ilikupa picha kali mpaka kwenye kona? Tupeane uzoefu

Wadau, habari za jioni. Mimi niko Nakuru, napiga mandhari na mara mojamoja nyumba za kuuza. Mwezi huu nimekuwa na lenzi mbili za Canon: yangu ya 17-40mm f/4L, toleo la 2003, na ya kuazima, 16-35mm f/4L IS iliyotoka 2014. Nikazipandisha ukingoni mwa kreta ya volkano ya Menengai saa saba mchana. Stendi nzito, kizuia mtikisiko nimekizima, kamera inajipiga yenyewe baada ya sekunde 2. Nyumbani nafungua kompyuta, zote mbili ovyo! Vichaka vya chini kule kwenye kreta vimekuwa uji.

Kesho yake nikarudi jua likichomoza. Lenzi zilezile, picha zinakata kama wembe. Kumbe mchana hewa ya moto hupanda kutoka kwenye mawe meusi ya lava na kuchezacheza, na hakuna kioo kinachoshinda hilo. Sasa ndipo tofauti yenyewe ikaonekana. Katikati zinalingana. Kwenye kona, kwa f/4, yaani tundu la mwanga likiwa wazi kabisa, yangu inalegea na nyasi zinabaki rangi tu. Nikibana tundu hadi f/11 inajikaza, ingawa ile ya 2014 bado inaiacha. Nilipochapisha kwenye karatasi ya A3, mke wangu alishindwa kuzitenganisha, na huyo hukosoa hata picha ya kitambulisho.

Haya, leteni yenu. Yaliyokupata, si uliyosoma.

Wa Dunga, Kisumu:
Kaka, mimi nilinunua zumu ya mtumba. Kila picha ya mitumbwi, upande wa kushoto una ukungu. Nikalaumu mkono, nikalaumu mawimbi. Mzee mmoja wa studio akaniambia, tafuta ukuta wa matofali. Nikaenda nyuma ya kanisa letu, nikaiweka kamera sambamba na ukuta, nikapiga kwa tundu lililo wazi kabisa. Kushoto ukungu. Kisha nikaigeuza kamera juu chini nikapiga tena. Ujanja uko hapo: kama kosa ni wewe uliyeiweka kamera upogo, ukungu unabaki kwenye matofali yaleyale. Kama kuna kioo kilichohama mahali pake ndani ya lenzi, ukungu unaifuata lenzi, kwa hiyo unaangukia matofali ya upande wa pili. Wangu uliangukia upande wa pili.

Muuzaji alinuna lakini akanibadilishia nyingine ya aina ileile, namba zilezile, na hii iko sawa pande zote. Tangu hapo nikisikia watu wanabishana kwamba aina fulani ni kali au butu, nauliza: ipi, yako au yangu?

Wa harusi, Kakamega:
Nitawaharibia mada kidogo. Harusi moja niliwapanga jamaa thelathini na kitu mbele ya hema, nafasi finyu, nikapiga kwa pembe pana ya 16mm. Ukali haukuwa na kasoro, ungehesabu shanga za mtu wa mwisho. Shida, huyo wa mwisho alikuwa shangazi wa bwana harusi, na pembe pana ikamvuta uso na mabega kama unga wa chapati. Alinipigia simu yeye mwenyewe. "Mwanangu, mimi nimekukosea nini?" Siku hizi narudi nyuma hadi nikanyage maua ya watu, nazumu mpaka 35mm, na pembeni naweka vijana wembamba. Kona kali ni nzuri kwa mawe na miti. Shangazi usimweke huko.

Wa Migori:
Mimi na 10-18mm kwenye kamera ya sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga. Nilikwenda Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zilizoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2018. Nilitaka jiwe la karibu na la mbali yote yawe safi, nikabana hadi f/22. Picha nzima ikalainika, hata katikati! Tundu likiwa dogo mno mwanga hutawanyika ukipita pembezoni mwake. Picha ya f/8 niliyoipiga kwa kubahatisha ndiyo iliyo sebuleni kwangu.

Wa Kondele:
Nikon 14-24mm f/2.8. Kali, sibishani na mtu. Ila kioo cha mbele kimetuna kama jicho la chura, filta ya kawaida ya kuskurubu haikai, na jioni wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi, wote wanakufia hapo. Nusu saa kupiga, nusu saa kupangusa.

Mwenye uzi, Nakuru:
Shangazi amenimwagisha chai. Wa Migori, na mimi f/22 niliipenda miaka mingi, mandhari zangu za zamani zote nimeziua hivyo. Wa Dunga, hilo la kugeuza kamera limenikosesha amani. Ile 17-40 nimekuwa nikiilaumu kona zake bila kuikagua hata siku moja. Nyuma ya ploti kuna ukuta wa matofali. Kesho asubuhi, kabla jua halijapata moto, niko hapo.