Mrejesho: "Must not" na "don't have to" kwenye masharti ya wageni

Wakuu, nimerudi. Niliomba msaada wa kuandika kwa Kiingereza masharti ya nyumba ya wageni ninakofanya kazi, nikauliza "must not" na "don't have to" zinatofautianaje. Ahsanteni sana, karatasi imeshabandikwa mapokezi.

Maelezo yaliyonisaidia zaidi ni haya: zikiyakinisha, "must" na "have to" zote ni lazima. Zikikanushwa, kila moja inashika njia yake. "You must not smoke in bed" ni marufuku. "You don't have to pay today" ni hiari. Ukitaka lipa, usipotaka subiri kesho. Sasa mgeni akisoma "you don't have to smoke in bed" si ataunguza godoro na kosa hana!

Na kweli, kama mlivyonieleza, kwa lazima ya jana ni "had to", si "must have". "He must have paid" ni kukisia tu kwamba bila shaka kalipa.

Kuhusu kuondoka saa nne asubuhi, nimeandika "Guests must check out by 10 a.m." Bosi alipendekeza "should", nikamwomba tubaki na "must": "should" ni ushauri, na wageni wetu ushauri hawausikii.