Ushauri: Tunajenga ukumbi wa wananchi, kiwanja tumepewa kwa mdomo

Mpare wa Milimani
Habari zenu wakuu. Naandika kutoka mji mdogo huku milimani, wilaya ya Same, kwa wakulima wa tangawizi. Hatuna pa kukutania. Kikao cha kitongoji ni chini ya mti, mvua ya vuli ikishuka kila mtu anakimbilia kwake. Harusi tunaomba darasa. Safari hii tumekubaliana kujenga ukumbi wetu, wenye chumba cha watoto kujisomea. Mawe yameshasombwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijamii kwa Kipare, kila kaya imechanga, na ndugu zetu wa Dar wameahidi saruji. Kina mama walijipanga kutoka mtoni hadi barabarani wakipokezana ndoo za mchanga tangu alfajiri. Umoja wa namna hii sijawahi kuuona hapa, na sitaki ufe.

Shida ni kiwanja. Mzee mmoja anayeheshimika ametupa eneo karibu na stendi, kwa mdomo, mbele ya mkutano. Sasa baadhi ya watoto wake wananung'unika kwamba hawakushirikishwa. Fundi anataka kuchimba msingi kabla ya masika. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Karani Mstaafu
Msichimbe hata futi moja. Kwanza jueni kama ardhi hiyo ni ya kijiji au imeshapimwa. Ikiwa ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999: halmashauri ya kijiji inasimamia, mkutano mkuu unaidhinisha, na muhtasari unaandikwa. Ikiwa imepimwa, muoneni afisa ardhi wa wilaya. Kwa vyovyote vile pawe na maandishi: mzee asaini, mkewe asaini, watoto wasaini, majirani wa mipakani washuhudie, mtendaji agonge muhuri. Nimekaa ofisi ya kijiji miaka mingi. Kesi za viwanja vya kupewa huanza matanga yakishaanuliwa.

Kwetu Mashambani
Mimi ningehamia eneo la umma, yaishe.

Fundi Lipu
Haiishi hivyo, mkuu. Sisi tulijenga eneo la umma kwa nguvu zetu. Boma lilipofika kwenye lenta tukaambiwa litakuwa ofisi. Mpaka leo vikao tunafanyia nje. Hata huko, muhtasari uandike wazi kwamba jengo ni ukumbi wa wananchi.

Mama Tangawizi
Hao watoto msiwapelekee mtendaji, mtawafanya wawe wakali zaidi. Watumwe wazee wa ukoo, waende jioni, wakae, wawasikilize. Pengine wanachotaka ni kuulizwa tu. Na ukumbi ukiitwa kwa jina la baba yao, nani atapungukiwa?

Karani Mstaafu
Mama kanena. Naongeza: hati itakuwa kwa jina la nani? Mkimwandika mwenyekiti wa kamati, siku akifariki mnarudi kulekule. Undeni bodi ya wadhamini, muisajili RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya Sura 318, yaani sheria ya wadhamini, ardhi iwe ya bodi. Hapo ndipo mnaweza pia kukodisha ukumbi kwa harusi na fedha zikaingia akaunti ya ukumbi, si mfukoni mwa mtu. Bati zikiwashinda, ombeni Mfuko wa Jimbo kupitia kata. Mtu aliyeshapandisha boma anasikilizwa haraka zaidi.

Mpare wa Milimani
Asanteni sana. Msingi utasubiri, nitamwambia fundi kesho. Wazee wa ukoo tunao, na mmoja ni shemeji yake mzee. Ila watoto wengine wako Dar, mpaka Krismasi ndipo wapande. Wakisaini hukohuko kwa wakili inafaa?

Karani Mstaafu
Sahihi ya kwa wakili inafaa. Lakini kama Krismasi wanakuja, wasubirini. Iteni mkutano siku hizohizo mji ukiwa umejaa, hati isomwe kwa sauti, wasaini watu wakiona.