Mwisho wa riwaya ya Ari na Dante: je, ilikuwa haki wazazi kumwambia kijana anachokihisi?

Msomaji wa Pangani

Ndugu wasomaji,

Nimemaliza kusoma Aristotle and Dante Discover the Secrets of the Universe, riwaya ya Benjamin Alire Sáenz iliyotoka mwaka 2012, na tangu siku hiyo kila kitabu ninachokishika nakiona kikavu. Kwa wasioifahamu, hadithi inaanza kiangazi cha mwaka 1987 mjini El Paso, Texas, mpakani kabisa mwa Marekani na Mexico. Ari ana umri wa miaka 15, hana rafiki, na amejaa hasira ambayo chanzo chake hakijui. Anakwenda kwenye bwawa la kuogelea ilhali hajui kuogelea, na hapo anakutana na Dante, kijana wa rika lake, ambaye anajitolea kumfundisha. Urafiki wao unaanzia hapo, na polepole, bila wao kuupa jina, unageuka kuwa penzi la kwanza.

Kilichoniteka ni upole wa mwandishi. Kuna mahali ambapo Dante, ambaye hapendi kuvaa viatu hata kidogo, anabuni mchezo wa kurusha viatu barabarani ili waone cha nani kitafika mbali zaidi, na wavulana hao wawili wanaucheza kwa bidii kana kwamba wako kwenye mashindano ya taifa. Hakuna jingine linalotokea katika sura hiyo. Lakini nilipoifunga nilijua kwamba Ari hajawahi kufurahi namna ile na mtu yeyote, na mwandishi hakuwa ameniambia hivyo popote.

Swali langu linahusu mwisho, kwa hiyo ambaye hajaisoma na aishie hapa. Karibu na kurasa za mwisho, wazazi wa Ari wanamketisha, na baba yake anamwambia waziwazi kwamba anampenda Dante na kwamba amekuwa akilikimbia penzi hilo. Nililia niliposoma, sikatai. Hata hivyo, kadiri ninavyolitafakari jambo hili ndivyo linavyonisumbua: kijana aliyesafiri kitabu kizima akijitafuta, je, ni haki afikishwe mwisho wa safari kwa kushikwa mkono na wazazi? Je, mwandishi hakumnyang'anya Ari nafasi ya kulitamka neno hilo mwenyewe kwanza?

Mwalimu wa Fasihi, Eldoret

Ndugu wa Pangani, swali lako ni zuri, lakini mimi nauona mwisho huo kuwa ndipo mahali ambapo kitabu kizima kilikuwa kikielekea tangu ukurasa wa kwanza.

Tazama nyumba aliyokulia Ari. Kaka yake mkubwa, Bernardo, yuko gerezani, na humo ndani hakuna anayemtaja wala picha yake iliyotundikwa ukutani. Baba yake alipigana vita vya Vietnam, akarudi akawa mpeleka barua, na vita hivyo amevifungia kifuani. Ari anateseka kwa kimya hiki, lakini tayari amekirithi. Dante alipoinama barabarani kumwokoa ndege aliyejeruhiwa, na gari likatokea ghafla, Ari alijirusha akamsukuma, na yeye ndiye aliyevunjika miguu yote miwili. Baada ya hapo alifanya nini? Aliweka kanuni kwamba asiwepo mtu wa kuizungumzia ajali ile. Familia ya Dante ilitamani kumshukuru naye akawaziba midomo. Hivyo hivyo ndivyo baba yake anavyofanya kuhusu Vietnam.

Kwa hiyo mazungumzo ya mwisho si ya kumfundisha Ari moyo wake. Ni wazazi wanaovunja desturi mbaya waliyoianzisha wenyewe. Tena angalia mpangilio: baba anafungua kwanza jeraha lake la vita, kisha ndipo analigusa la mwanawe. Hamtaki mtoto avue silaha huku yeye mwenyewe angali amevaa zake. Na hawamwambii jambo jipya, kwa maana mwili wa Ari ulikwisha kulisema kule barabarani, akaja kulisema tena alipomsaka na kumpiga kijana mmoja kati ya waliomjeruhi Dante kwa sababu alionekana akimbusu mvulana mwingine. Ulimi tu ndio uliokuwa umechelewa.

Mtoto wa Mvita, Uholanzi

Nimesoma maoni yenu kwa makini na naomba niseme kama mtu ambaye jambo hili linamhusu moja kwa moja, kwa kuwa mimi ni mwanamume ninayependa wanaume, nimelelewa Mombasa, na katika ujana wangu sikupata kitabu hata kimoja ambamo mtu kama mimi alifika ukurasa wa mwisho akiwa mzima na akipendwa.

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu kimya, lakini sitaki tumsahau Ophelia, shangazi yake Ari. Alimpenda mwanamke na akaishi naye miaka mingi, na alipofariki dunia ndugu hawakwenda kumzika. Wazazi wa Ari walikwenda. Huyo ndiye ufunguo wa mazungumzo ya mwisho, maana wazazi wale wameshaona kwa macho yao jinsi ukoo unavyoweza kumtupa mtu wake hata akiwa jenezani, na wameshampoteza mtoto mmoja kwa gereza. Wasiposema sasa watampoteza wa pili. Ninapousoma ukurasa ule sioni wazazi wanaojifanya wajuzi wa moyo wa mwana, bali naona watu wawili wenye hofu wanaokimbizana na muda.

Jambo jingine linalofaa kujulikana ni kwamba Sáenz, aliyezaliwa mwaka 1954, aliwahi kuwa padri wa Kanisa Katoliki, na alikuwa amekwisha kuvuka miaka 50 alipojitambulisha hadharani kuwa ni mwanamume anayependa wanaume. Sisemi kwamba kitabu ni maisha yake. Nasema tu kwamba anayekingoja kitu kwa muda mrefu kiasi hicho anajua thamani ya mtu mzima anayekuja kukaa karibu na kijana na kumwambia kwamba hana sababu ya kujionea aibu.

Kuhusu hoja ya kunyang'anywa nafasi, nadhani wengi wetu tuliachiwa nafasi hiyo yote kwa ukamilifu wake, na hatukuitamani.

Binti Kipande

Mjadala huu umenikumbusha jambo la huku kwetu. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayohusu wasichana wawili wanaopendana na iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2007, ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2018, mwaka uleule ilipokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Mwongozaji huyo alieleza kwamba bodi ya filamu ya Kenya ilimtaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Wasichana wale wawili wangemalizia katika majuto, filamu ingepita. Baadaye mahakama iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu, na watu walijaa kumbini.

Ndiyo maana mimi siwezi kuupima mwisho wa Ari na Dante kwa mizani ya ufundi peke yake. Wanaolinda maadili wameshatambua kwamba msomaji hubeba mwisho wa hadithi na kuondoka nao, na ndiyo sababu wanaushikilia huo kuliko sehemu nyingine yoyote. Sáenz aliwapa vijana wake usiku wa jangwani chini ya nyota, bila adhabu, na bila mmoja wao kufa ili mwingine apate funzo. Kama ili kufika hapo ilimlazimu awatume baba na mama kumwondolea kijana kizuizi, kwangu mimi hiyo si bei kubwa.

Msomaji wa Pangani

Nawashukuru nyote, hasa wewe ndugu wa Mvita kwa kusema ulichosema. Hoja ya kanuni ya kutoizungumzia ajali sikuwa nimeiunganisha na baba, na sasa naiona kila mahali, hata katika barua ambazo Dante anamwandikia kutoka Chicago mwaka mzima huku Ari akijibu kwa nadra. Bado natamani Ari angepewa walau sentensi moja ya kwake kabla ya wazazi kuanza, lakini sisemi tena kwamba alinyang'anywa kitu.

Je, mwendelezo uliotoka mwaka 2021 unafaa kusomwa mara moja, au nisubiri?

Mwalimu wa Fasihi, Eldoret

Subiri kidogo, kisha uusome. Ni mrefu zaidi, wahusika wanahutubiana mno, na ule ukimya mzuri wa kitabu cha kwanza, namaanisha ule wa uandishi, umepungua. Lakini unaingiza jambo ambalo kitabu cha kwanza kililiacha nje kabisa, nalo ni UKIMWI, ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa ukiwaua wanaume wengi nchini Marekani huku serikali ikijivuta. Vilevile unampa Ari nafasi ya kumkabili Bernardo gerezani, na kwa ajili ya sura hiyo pekee ningekisoma kitabu chote. Kama unaelewa Kiingereza cha kusikiliza, kitafute kile cha kwanza kilichorekodiwa kwa sauti ya mwigizaji Lin-Manuel Miranda kabla hujaendelea. Anayasoma majibu mafupi ya Ari kwa namna inayokuwezesha kusikia kile ambacho kijana huyo anakataa kusema.