Naomba ushauri: nimekuwa hakimu, nibaki kwenye bodi ya shirika la haki?

Wakuu, habari zenu. Nimeajiriwa hakimu mwaka huu. Kwa miaka sita nimekuwa mjumbe wa bodi ya shirika linalotetea wajane walionyang'anywa viwanja na mashamba. Silipwi kitu, labda chai na maandazi siku ya kikao.

Mume wangu anasema kama silipwi hakuna shida. Mimi sina amani, kwa sababu nakumbuka kesi ya Pinochet, aliyekuwa mtawala wa kijeshi wa Chile, tuliyosoma chuoni. Novemba 1998, majaji wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa kule Uingereza wakati huo, waliamua watatu kwa wawili kwamba Pinochet hana kinga ya kutokamatwa. Baadaye ikajulikana kuwa Lord Hoffmann, mmoja wa wale watatu, alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya hisani ya Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, na Amnesty iliingia kwenye kesi ile ile! Hakuwa na faida ya fedha. Bado uamuzi ulifutwa Desemba, kesi ikaanza upya mbele ya majaji saba.

Sasa, kujiuzulu ujumbe wa bodi kunatosha, au niache na uanachama? Na akija mjane mwenye wakili wa shirika hilo, nijitoe moja kwa moja au niwaambie wadaawa (pande zote za kesi) kwanza nisikie kama wana pingamizi?

Halafu wenzangu wanataka nibaki kama "mlezi". Kufundisha sheria ya ardhi kwenye semina zao sioni ubaya, ila huo ulezi naona ni kubadilisha kofia tu. Mahakimu na mawakili mliomo humu, nyie mlifanyaje?