Naomba ushauri: oda ya kompyuta 12 ninayo, hela ya vipuri sina

Habari zenu wakuu. Naunganisha kompyuta chumbani kwangu. Shule moja imeniagiza 12, malipo baada ya kupokea mzigo.

Kinachonipa moyo ni Apple. Mwaka 1976 duka la Byte Shop, California, liliagiza kompyuta 50 kwa dola 500 kila moja. Jobs na Wozniak, waanzilishi wa Apple, hawakuwa na mtaji wa kutosha. Walichukua vipuri kwa mkopo wa siku 30, wakaziunganishia nyumbani kwa wazazi wa Jobs. Oda ndiyo iliyowadhamini!

Mimi nimempelekea muuza vipuri barua ya oda yenye muhuri. Kaigeuza mara mbili, kaniwekea mezani. Anataka nusu taslimu.

Je, nimwombe mwalimu mkuu azungumze naye, au niiombe shule itangulize kiasi? Na mkataba wa watu watatu huandikwaje?