Rotax 912 ULS: asubuhi dipstiki kavu, ukiongeza oili inatemwa nje

Mwanafunzi_Rubani
Wakuu, naomba msaada. Ndege ni Sling 2 ya mafunzo, injini Rotax 912 ULS. Ukipima oili asubuhi, dipstiki inasoma chini ya MIN. Ukiongeza nusu lita, ndege inarudi tumbo limelowa oili na dipstiki imepita MAX. Injini yenyewe haionyeshi kuvuja popote. Shida ni nini?

Fundi_Hanga
Injini nzima, mkuu. Kosa liko kwenye kupima. Hii si Lycoming, injini ile nyingine ya ndege ndogo, ambayo oili inakaa chini ya injini. Rotax ina tenki lake pembeni. Pampu inavuta oili kutoka tenkini, ila kuirudisha hakuna pampu: gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni ndiyo inayoisukuma kutoka chini ya krankesi (kasha la injini) hadi kwenye tenki. Ndege ikilala, oili huchuruzika kidogo kidogo kuingia kwenye injini. Asubuhi unaona tenki tupu, kumbe mzigo uko chini. Ukiongeza halafu ukawasha, yote inarudi, na ziada inatokea kwenye mpira wa kupumulia.

Fanya hivi: swichi zote mbili za moto OFF, ufunguo mfukoni, magurudumu yawekwe vizuizi. Fungua kifuniko cha tenki, zungusha propela kwa mkono taratibu, na kila ikikaza ishikilie sekunde chache gesi ipenye. Endelea mpaka tenki litokote kama uji jikoni. Hapo ndipo unafuta dipstiki na kupima. Toka MIN hadi MAX ni lita 0.45 tu, kwa hiyo hiyo nusu lita yako pekee inavuka. Lenga nusu ya juu.

Kipanga
Nyongeza: zungusha upande inaozungukia injini ikiwaka, kinyume KAMWE. Ukirudisha nyuma unaingiza hewa kwenye njia za oili, na tapeti zake (visukumio vya vali) ni za haidroliki, yaani hujazwa oili, hazipendi hewa. Na hata swichi zikiwa OFF, simama kama vile injini inaweza kuwaka.

Mwanafunzi_Rubani
Asanteni. Nizungushe mara ngapi?

Fundi_Hanga
Usihesabu, sikiliza. Injini ya moto inatokota upesi, iliyolala siku kadhaa inakutoa jasho.

Ukishapima sawasawa siku kadhaa, ndiyo uangalie matumizi. Kikomo ni lita 0.06 kwa saa. Ikizidi hapo, mwite fundi. Ukiwasha, presha ya oili isipopanda ndani ya sekunde 10, zima. Usiruke kabla oili haijafika nyuzi 50.

Kipanga
Na msimwage humo oili ya ndege za Lycoming eti kwa sababu ipo stoo. Oili hiyohiyo inalainisha gia na klachi yake. Kama mnatumia avgas (petroli ya ndege) muda mwingi badala ya petroli ya kawaida, badilisheni kila saa 50, si 100. Madini ya risasi yaliyomo kwenye avgas yanaacha tope zito chini ya tenki la oili.